Mwili Ukichemka: Homa, Degedege na Joto la Kaskazi

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa mtaa wetu hapa Tanga. Wengi walikuwa kazini au safarini, wakaniomba niiweke yote ili nao waisome.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, wazee wetu mliokaa mbele, mama zangu, vijana wa bodaboda na bajaji mlioegesha vyombo vyenu kuja kunisikiliza, mafundi, wanafunzi: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wote, habari za asubuhi.

Nashukuru tumeanza saa mbili, kabla jua halijakolea. Mwenyekiti aliponiomba nije kuzungumza nanyi kuhusu homa, nilimwambia nitakuja, ila tusiishie kwenye homa. Miezi hii ya kaskazi, kuanzia Desemba mpaka masika yanapoanza, sisi wauguzi tunaletewa wagonjwa wa aina mbili, na wote ukiwagusa wanaunguza mkono. Mmoja ana homa. Mwingine amezidiwa na joto. Kwa kiganja peke yake huwezi kuwatofautisha, lakini msaada wanaouhitaji haufanani hata kidogo. Nataka tukitoka hapa, kila mmoja ajue yupi ni yupi na amfanyie nini.

Wangapi hapa mmewahi kuweka mkono kwenye paji la uso la mtoto usiku wa manane, mkakosa usingizi mpaka adhana ya alfajiri? Inueni mikono. Naona karibu wote. Na akina baba pia, nashukuru.

Basi tuanze na hapo. Mtoto amechemka. Nani amemchemsha?

Chukueni pasi ya umeme. Pasi ina ile swichi ya kuzungusha: hariri, sufu, pamba. Ukiiweka kwenye pamba, pasi inajipasha mpaka ifike hapo, halafu inajizima. Ikipoa kidogo inajiwasha tena. Ubongo wa binadamu nao una sehemu ndogo huku chini inayofanya kazi hiyo, wataalamu wanaiita haipothalamasi, nayo imewekwa karibu na nyuzi 37. Wadudu wa ugonjwa wakiingia, askari wa damu wanapeleka taarifa kwenye ubongo, na ubongo unazungusha swichi: twende 39. Hiyo ndiyo homa. Aliyepandisha joto ni mwili wenyewe, na amepandisha kwa makusudi.

Ndiyo maana mgonjwa wa malaria anatetemeka huku anaunguza. Mmeshawahi kujiuliza? Nje jua linawaka, mwili wake una nyuzi 38, na bado anaomba blanketi la pili! Ubongo umeagiza 39, mwili bado uko 38, kwa hiyo kwa hesabu za ubongo mwili una baridi. Mishipa ya ngozi inabana, vidole vinapoa, misuli inatetemeka ili itengeneze joto. Baadaye swichi ikirudi chini, mwili unajikuta una joto la ziada, unalitoa kwa jasho mpaka shuka linalowa. Mzunguko huo wa baridi, moto na jasho wazee wetu wanaujua tangu zamani.

Sasa huyo mwingine, aliyezidiwa na joto. Swichi yake haijaguswa. Iko palepale kwenye 37. Ila pasi imewekwa juu ya jiko la mkaa. Ubongo unapiga kelele "poa, poa!" na mwili hauwezi tena. Wa kwanza mwili wake umeamua. Wa pili mwili wake umeshindwa. Naomba mlishike hilo, maana mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Je, homa ni adui? Mwaka 1975 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Matthew Kluger walichapisha jaribio walilofanya kwa mijusi wa jangwani. Mjusi hana uwezo wa kutengeneza joto lake; akitaka joto anaota jua, akitaka baridi anaingia kivulini. Watafiti waliwachoma sindano za bakteria, wakawagawa: wengine wakakaa kwenye nyuzi 34, wengine 38, wengine 40, wengine 42. Waliokaa kwenye baridi walikufa wengi. Waliokaa kwenye joto wengi wao walipona. Hata mjusi, akiachwa huru huku anaumwa, anatafuta mahali pa joto zaidi kuliko siku zake za kawaida. Mungu ameweka silaha hiyo ndani ya viumbe vyake, na sisi tunaikimbilia kuizima kila inapojitokeza.

Sisemi mtoto aachwe ateseke. Panadol ipo, na ni dawa nzuri. Lakini tuitumie kwa kazi yake: kumpunguzia mtoto maumivu na unyonge ili aweze kunywa, kunyonya na kulala. Mtoto mwenye nyuzi 38 anayecheza na kula hana haja ya kuamshwa usingizini ili anyweshwe Panadol. Na kiasi kinatokana na uzito wake: miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo moja. Mtoto wa kilo 10 anapewa miligramu 100 mpaka 150 kwa mara moja, aachwe angalau saa nne mpaka sita, na isizidi mara nne kwa siku nzima. Soma chupa imeandikwa miligramu ngapi, na tumia kile kipimo kilichokuja na dawa, kwa sababu vijiko vya nyumbani havilingani. Mkubwa asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 kwa saa 24. Aspirini usimpe mtoto mwenye homa.

Halafu mama zangu, nunueni kipimajoto. Kiganja kinakwambia mtoto ana moto. Hakikwambii moto kiasi gani, wala kama umepanda au umeshuka tangu jana. Daktari Mjerumani aitwaye Carl Wunderlich, aliyetuachia hii nyuzi 37 tunayoitumia mpaka leo, alitoa kitabu chake mwaka 1868 baada ya kupima wagonjwa wapatao 25,000. Kipimajoto cha enzi zake kilikuwa na urefu wa karibu futi moja, na kilikaa kwapani dakika 15 mpaka 20. Chetu cha leo kinaingia mfukoni na kinalia ndani ya dakika moja au mbili. Weka kwapani, ncha igusane na ngozi, mkono ubane ubavuni, subiri mpaka kilie. Kikisoma 37.5 au zaidi kwapani, tunahesabu hiyo ni homa. Andika namba na saa, kwa sababu hata mtu mzima mwenye afya joto lake hupanda kidogo jioni na kushuka alfajiri. Ukija zahanati na karatasi yenye namba tatu za jana na leo, umemsaidia mganga kuliko maelezo ya nusu saa.

Sasa jambo la pili, na hapa nataka niseme kwa uchungu.

Homa ni taarifa. Sababu iko wapi?

Alikuja mama mmoja na mtoto wa miaka miwili, siku ya nne ya homa. Siku ya kwanza alienda dukani, akauziwa dawa mseto ya malaria bila kipimo. Mtoto akapata nafuu kidogo baada ya dozi mbili, mama akaiweka iliyobaki kabatini kwa ajili ya mdogo wake. Homa ikarudi. Akauziwa antibaiotiki, vidonge vichache vya rangi mbili vilivyofungwa kwenye karatasi. Siku ya nne mtoto anapumua haraka, kifua kinabonyea ndani chini ya mbavu kila anapovuta pumzi, puani panapanuka. Tulipima malaria: hana. Alikuwa na nimonia, na siku nne zilikuwa zimekwenda. Alipona yule mtoto, namshukuru Mungu, lakini baada ya oksijeni na siku nyingi za kitanda.

Sababu iko wapi? Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliofanyika hapahapa kwetu, Dar es Salaam na Ifakara, kwa watoto 1,005 waliofika kliniki na homa. Waliopimwa na kukutwa na malaria walikuwa kama mmoja katika kila kumi. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na wengi wa watoto hao walikuwa na virusi ambavyo antibaiotiki haivigusi kabisa. Taifodi, ambayo kila mtu mtaani anajitangazia, haikufika hata wanne katika mia.

Lakini msiniondokee na nusu ya maneno yangu mkasema muuguzi kasema malaria imekwisha. Haijaisha. Hapa pwani mtoto anaweza kulala na homa ya malaria na kesho yake akawa hatambui mama yake. Ninachosema ni pimeni. Tone la damu kidoleni, kipimo cha haraka, dakika 15 au 20 majibu yako. Homa imeanza leo, kesho isikukute hujapima. Ukikutwa na malaria, maliza dawa mseto yote, siku zote tatu, na kila dozi na chakula au maziwa. Ukikutwa huna, usikasirike na mhudumu kwa kutokupa dawa ya malaria. Muulize, basi ni nini?

Kuna wakati ambapo hata kupima joto usijisumbue, beba mtoto uondoke. Hawezi kunywa wala kunyonya. Anatapika kila kitu. Amelegea, haamki vizuri. Amepata degedege. Shingo imekakamaa. Anapumua haraka na kifua kinabonyea. Na mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye joto la 37.5 au zaidi, au aliyepoa isivyo kawaida, chini ya 35.5, huyo ni wa hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni saa tisa za usiku, hata kama bibi yake anasema ni meno. Vijana wa bodaboda, mnawasikia akina mama wakiwapigia simu usiku. Huyo abiria msijadiliane naye nauli barabarani.

Nimelitaja degedege, na najua ni jambo zito ukanda huu. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 waliandika yale ambayo sisi tumekua nayo: kwamba degedege linaletwa na shetani au dege la usiku, na kwamba mtoto akichomwa sindano kabla ya kutibiwa kienyeji atakufa. Siwadharau bibi zetu. Waliona watoto wakifikishwa hospitali wamechelewa, wakachomwa sindano, wakafa, na wakaunganisha mambo mawili waliyoyaona kwa macho yao. Ila kilichoua ni kuchelewa.

Mtoto kati ya miezi sita na miaka mitano, joto lake likipanda, ubongo wake mchanga unaweza kushtuka. Macho yanageuka juu, meno yanakazana, mikono na miguu inajirusharusha, povu linatoka. Ni dakika moja au mbili, lakini kwa mama ni mwaka. Mara nyingi linapita lenyewe na halimwachii mtoto ulemavu. Kwa hiyo fanya haya: mlaze chini kwa ubavu, ili mate na matapishi yatoke nje. Sogeza stuli, jiko, kila kitu kigumu. Legeza nguo shingoni. Tazama saa. Usimshikilie kwa nguvu. Usiweke kijiko mdomoni, usiweke kidole, usimnyweshe maji wala dawa, usimmwagie maji ya baridi. Likipita, mpeleke hospitali hata kama ameamka anacheka. Kwa nini, kama mara nyingi halina madhara? Kwa sababu malaria iliyopanda kichwani na homa ya uti wa mgongo nazo zinaanza kwa degedege hilohilo, na hakuna mama, hakuna bibi, hakuna muuguzi anayeweza kuzitofautisha kwa kutazama. Likizidi dakika tano, usisubiri liishe. Nenda nalo njiani.

Na nyungu. Najua mwaka 2020 tulijifukiza sana. Mtu mzima mwenye mafua akijifukiza dakika chache, sina ugomvi naye. Lakini mtoto mwenye homa kufunikwa blanketi na sufuria ya maji ya moto! Mwili tayari una joto unalojaribu kulimudu, wewe unaziba njia zote za kulitoa. Mvue sweta, mvue kofia, mwache na nguo moja nyepesi, fungua dirisha, mnyweshe mara kwa mara. Wala usimtie kwenye beseni la maji ya barafu. Mwenye homa ukimmwagia maji ya baridi, swichi bado iko 39, kwa hiyo atatetemeka zaidi na kupanda zaidi, na atalia tu.

Haya. Maji ya baridi hayamfai mwenye homa. Sasa nitawaambia kuhusu mtu ambaye maji ya baridi ndiyo uhai wake.

Kijana mmoja alishuka kutoka Lushoto kuja kutafuta kibarua. Mnaijua Lushoto, asubuhi watu wanavaa makoti. Akapata kazi ya saidia fundi, kumwaga zege. Ilikuwa siku yake ya pili. Saa nane mchana, hakuna upepo, nguo zimegandana na mwili. Wenzake walisimulia kwamba alianza kwa kujibu maswali ambayo hakuulizwa. Kisha akawa anachota mchanga anaurudisha palepale alipoutoa. Wakacheka. Mmoja akasema kalewa, mwingine akasema huyo ana mambo ya kwao. Akayumba, akakaa, akatapika, macho yakawa hayamtazami mtu. Mwenzake mmoja kwa wema wake akakimbia dukani kuleta Panadol. Mwingine akaita bajaji.

Aliyemwokoa ni mama lishe. Alikuwa na ndoo mbili za maji ya kuoshea vyombo. Alimgusa, akasema huyu anaungua, akawafukuza waliomzunguka, wakamburuta mpaka kivuli cha ukuta, wakamvua shati na viatu, akammwagia ndoo ya kwanza yote. Akalowesha khanga yake, akamtandika kifuani, akachukua sinia akaanza kumpepea kwa nguvu huku anaita maji mengine yaletwe. Mtu mmoja akaleta maji ya kandoro, yale ya mfuko wa plastiki, yaliyoganda, wakayaweka shingoni na kwapani. Alipofikishwa kwetu alikuwa ameanza kutaja jina lake. Tulimfuatilia figo kwa siku kadhaa, akatoka kwa miguu yake.

Nawauliza vijana: alikuwa anatoka jasho au hakuwa? Alikuwa analowa jasho chapachapa! Watu wengi wameambiwa kwamba aliyezidiwa na joto anakauka, kwa hiyo wakiona jasho wanasema bado yuko salama. Kwa mzee aliyefungiwa ndani ya chumba cha joto, ni kweli mara nyingi ngozi inakauka. Kwa mtu anayefanya kazi ngumu au mbio, jasho linaweza kuwa linamwagika huku ubongo unaanza kuzima. Usitazame jasho. Tazama akili. Anajibu sawasawa? Anatembea sawasawa? Mtu mwenye joto kali mwilini aliyechanganyikiwa, anayeweweseka, aliyezimia au aliyepata degedege baada ya joto, ni kiharusi cha joto. Mwili wake umepita nyuzi 40, na kila dakika figo, ini na ubongo vinaumia.

Na jasho lenyewe, msidhani linapoza kwa kutoka. Linapoza kwa kukauka. Likidondoka chini halijapoza chochote. Ndiyo maana nyuzi 33 za Tanga au Dar es Salaam zinaweza kumwangusha mtu kuliko nyuzi 36 za mahali pakavu. Hewa yetu imejaa unyevu wa bahari, jasho halina pa kwenda.

Panadol je? Panadol inarudisha swichi chini. Huyu swichi yake haijapanda, kwa hiyo haina cha kurudisha, na ini ambalo tayari linaungua linaongezewa kazi. Usimpe. Wala usimnyweshe maji aliyechanganyikiwa, yataingia kwenye mapafu.

Poza kwanza. Kivuli, vua nguo, maji mengi mwili mzima, pepea bila kuacha, barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena. Kama kuna pipa au beseni kubwa na watu wa kumshika kichwa kisizame, mtumbukize mpaka shingoni. Simu ipigwe wakati huohuo, usafiri uitwe wakati huohuo, lakini mikono isiache kumwagia. Poza kwanza! Ndani ya bajaji endelea kumwagia, mapazia yote wazi. Kama tukianza kumpoza ndani ya nusu saa ya kwanza, wengi wanapona. Mkimfunga kwenye gari la vioo vilivyopandishwa ili "awahi hospitali", tunaweza kumpokea amechelewa.

Kabla hajafika huko mtu anatoa ishara: kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli inabana, amechoka isivyo kawaida, ila akili bado iko sawa. Huyo apumzike kivulini, avue nguo nzito, anywe maji au ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji, kidogokidogo. Asipopata nafuu ndani ya nusu saa, au akianza kuchanganyikiwa, mnajua la kufanya.

Kuna mzee ameniambia pale nje, "Binti yangu, sisi watu wa Tanga joto tumelizoea." Shikamoo mzee wangu, na ni kweli kabisa: mwili unazoea. Ila unahitaji wiki moja mpaka mbili, na ukikaa mbali na joto wiki kadhaa unasahau. Yule kijana wa Lushoto hakuwa na hata siku tatu. Wasimamizi wa ujenzi mlioko hapa, nawaomba kwa heshima zote: wengi wanaoanguka ni wageni. Mtu mpya siku ya kwanza msimpe zaidi ya sehemu moja ya tano ya kazi nzito, mwongezee kila siku. Pazia la turubai liwepo, maji yawepo, kikombe kimoja kila baada ya dakika 15 au 20 bila kusubiri kiu. Zege limwagwe asubuhi. Wakati wa Ramadhani kazi nzito ifanyike alfajiri au usiku. Na kuhusu mfungaji anayehofiwa maisha yake, masheikh wetu wako hapa, watalieleza vizuri kuliko mimi.

Wanaojiandaa kwenda Hija nao nisikieni. Juni 2024, joto la Makka lilifika nyuzi 51.8. Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301, na asilimia 83 ya waliokufa walikuwa mahujaji wasio na vibali. Fikirini maana yake. Mji ni uleule, jua ni lilelile, ibada ni ileile. Lakini asiye na kibali hana hema lenye ubaridi, hana basi, anatembea mwendo mrefu juani. Kivuli na maji ndivyo vilivyowatenganisha. Mzee wangu, usikubali wakala akupitishe njia ya mkato. Beba mwavuli, tembea na mwenzako, na usione haya kusema umechoka. Na wenye vijana wao Oman: kule kuanzia Juni mpaka Agosti kazi za nje kwenye maeneo ya ujenzi zinasimamishwa saa 6:30 mpaka 9:30 mchana kwa sheria. Waambieni waijue.

La mwisho ni majirani zetu. Agosti 2003 Ufaransa, nchi tajiri yenye hospitali kila mahali, walikufa watu karibu 15,000 kwa wimbi la joto, wengi wao wazee, wengi wakiwa peke yao ndani ya nyumba zao. Hapa mtaani tuna wazee wanaoishi chini ya bati lisilo na dari. Mchana bati linawaka, usiku halipoi, mwili haupati hata saa moja ya kupumzika. Mzee hasikii kiu vizuri, na baadhi ya dawa za presha zinamtoa maji kwa mkojo. Asiziache kwa kuogopa joto, amuulize mganga wa zahanati. Feni inamfaa, lakini hewa ikiwa na joto kuliko ngozi yake feni inampulizia moto, kwa hiyo iende pamoja na khanga iliyoloweshwa. Nimemwomba Mwenyekiti, na amekubali, kila balozi wa nyumba kumi aandike majina ya wazee wanaolala peke yao, na kwa kila jina awepo kijana wa kupita saa nane mchana na saa mbili usiku. Apite, amsalimie, amwone anakunywa, asikilize anavyojibu. Na mtoto msimwache ndani ya gari lililofungwa, hata kwa dakika za kununua mkate.

Sasa nimesema vya kutosha, tufanye kwa mikono. Pale mezani kuna vipimajoto. Tuanze na mama wenye watoto wachanga ili wawahi kurudi kabla jua halijapanda. Kila mmoja ampime mwanawe kwapani na kunisomea namba. Halafu nahitaji vijana wawili wa bodaboda: mmoja alale chini ya mwembe, mwingine na wenzake wanioneshe tangu anaanguka mpaka maji yanamfika inachukua muda gani. Ndoo ziko tayari, mimi nitashika saa. Mwenye swali aulize wakati tunaendelea. Mwenyekiti, karibu.